Kabati la gemu lililochelewa kupanda Newala

Kabati la gemu ni sanduku refu la mbao lenye kioo cha televisheni usoni, fimbo ya kuongozea na vitufe chini ya kioo, na tundu la kutumbukizia sarafu. Lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1971, Nolan Bushnell na Ted Dabney walipotengeneza Computer Space. Mwaka uliofuata kampuni yao ya Atari ikatoa Pong. Japani ikafuata kwa Space Invaders ya Tomohiro Nishikado mwaka 1978, kisha Pac-Man ya Toru Iwatani mwaka 1980. Hayo yameandikwa mara nyingi. Kisichosimuliwa sana ni ugomvi uliozuka baadaye, na ugomvi huo unagusa kila kijiji ambako leo watu wanalalamikia mashine za bonanza, zile ambazo wengine huziita dubwi.

Mei 20, 1981, George Foulkes, mbunge wa chama cha Labour kutoka South Ayrshire, Scotland, aliliomba Bunge la Uingereza limruhusu kuwasilisha muswada wa kudhibiti Space Invaders na gemu nyingine za umeme. Alitaka serikali za mitaa zipewe mamlaka juu ya mashine hizo. Kumbukumbu za Bunge zinaonyesha mtu aliyeshtushwa kwelikweli: alieleza habari za watoto wanaotoroka shule, wanaotumia fedha za chakula cha mchana kulisha mashine, na wengine wanaoiba ili wapate sarafu. Akasema huduwaa mbele ya kioo, wasione kingine chochote. Michael Brown, mbunge wa Conservative, akasimama kumpinga. Alikiri bila haya kwamba naye huzicheza baa, akaiita starehe isiyo na dhara, na akahoji kwa nini Bunge liwaingilie vijana katika matumizi ya fedha zao. Kura zikapigwa: 94 zikaunga mkono, 114 zikakataa. Muswada ukafa. Novemba ya mwaka huohuo, huko Ufilipino, Rais Ferdinand Marcos hakusubiri kura ya mtu. Alizipiga marufuku gemu hizo nchi nzima.

Foulkes alikuwa na haki ya kuhofia fedha za watoto, ila mashine aliyoishika mashati haikuwa na hatia kubwa hivyo. Anayecheza Pac-Man anajua sarafu yake haitarudi. Alichonunua ni muda, na muda huo huongezeka kadiri mkono na jicho vinavyozoea. Mashine ya bonanza ina umbo lilelile, kioo kilekile na tundu lilelile la sarafu, lakini inauza tumaini la kushinda fedha, na ustadi wa mchezaji haubadilishi chochote. Atakayeiga hoja za Foulkes leo azielekeze huko.

Wakati Waingereza wanapiga kura hiyo, Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Zanzibar ilianza kurusha matangazo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara ilingoja hadi 1994. Nchi ilikuwa imetoka kwenye vita vya Kagera, fedha za kigeni hazikutosha hata kununulia vipuri vya malori, na umeme wa mikoa ya kusini, Newala ikiwemo, ulitegemea jenereta za dizeli. Umeme wa gesi ya Mnazi Bay ulikuja miaka mingi baadaye. Hata sarafu yenyewe ilikuwa kikwazo. Kabati la gemu huishi kwa sarafu yenye thamani, na shilingi iliporomoka katika miaka ya 1980. Sarafu ya shilingi 200 ilitoka mwaka 1998, miaka minne baada ya PlayStation kuzinduliwa Japani. Kwa hiyo vijana wengi wa kusini waliifahamu gemu kupitia vidude vya betri vya mkononi, kisha kwenye vibanda vya video ambako mpira wa PlayStation ulilipiwa kwa mechi.

Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kusimamia kamari, na walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi kucheza. Hata hivyo, inasikitisha kwamba kijana anayekulia Chiwata, wilayani Masasi, ana nafasi kubwa zaidi ya kuliona sanduku hili likiwa la kamari kuliko likiwa la mchezo.

Anayetaka kulirudisha kwa kununua kabati lililotumika na kuliweka nyumbani aanze na vilivyomo ndani. Mwaka 1985 watengenezaji wa Japani walikubaliana juu ya kiunganishi kimoja, JAMMA, chenye migusano 56. Kabati lenye JAMMA linapokea bodi za saketi za gemu nyingi tofauti kwa kuchomoa na kuchomeka. Bodi zenyewe zikaguliwe betri. Bodi za CP System II za Capcom, zilizoanza mwaka 1993, hutunza ufunguo wa gemu kwa betri, na betri ikifa gemu hufa nayo mpaka fundi airudishie ufunguo. Kabati la Japani linatumia volti 100 na la Marekani 120, hivyo kulichomeka moja kwa moja kwenye volti 230 za hapa ni kuliunguza, linahitaji transfoma. Kioo cha zamani ni cha chogo, na kinaweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, hivyo kifunguliwe na fundi televisheni aliyezoea kazi hiyo.

Mbao si jambo la kumzuia mnunuzi. Makabati mengi ni ya chipbodi, ambayo huvimba kwa unyevu na haifai mbele ya mchwa wa Masasi. Uwanda wa Makonde ulioipa dunia wachongaji wa Kimakonde haukosi seremala wa kuunda sanduku jipya la mninga kwa vipimo vya lile la zamani. Pasipopatikana bodi, kompyuta iliyochakaa yenye MAME, programu iliyoanzishwa na Nicola Salmoria mwaka 1997, huziendesha gemu hizo, ingawa nyingi bado zina wenye hakimiliki. Tundu la sarafu libaki kama lilivyo. Bodi nyingi zina swichi ya kuruhusu mchezo bila malipo, na zisizokuwa nayo hufungiwa kitufe kinachohesabika kama sarafu.