Deni Linalovaa Nguo za Mauzo

Mjomba wangu alisaini kwamba ameuza gari. Hakuuza gari. Alikopa pesa.

Ilikuwa baada ya mvua za El Niño, mwishoni mwa 2023. Watu wa Garsen mnakumbuka. Barabara ya kwenda Lamu ilikatwa na maji, malori yakalala njiani siku nenda siku rudi. Mjomba anauza unga, mchele na mafuta ya kupikia. Akabaki na duka tupu, huku wenye mali kule Mombasa wanampigia simu kila asubuhi. Benki ilitaka hati ya ardhi, na huku kwetu Delta ardhi nyingi haina hati. Basi akaenda kwa shailoki. Akapewa 150,000, arudishe 240,000 baada ya miezi mitatu.

Sasa sikia karatasi zilivyoandikwa. Ya kwanza ilisema mjomba ameuza Probox yake kwa shilingi 150,000 na pesa amepokea. Pamoja nayo akatoa cheki mbili za 120,000 kila moja, zenye tarehe ya miezi mitatu mbele. Neno "mkopo" halikuandikwa popote. Neno "riba" ndio kabisa.

Siku ilipofika, cheki ya kwanza ikabaunsi. Simu ikaja: "Mzee, hii sasa ni jinai. Kesho unalala selo." Mjomba, mtu mzima mwenye wajukuu, hakulala usiku huo. Akauza ng'ombe wanne kwa bei ya kutupa na akalipa deni lote. Lakini ile karatasi ya gari mpaka leo haijarudi.

Nilidhani huu ni ujanja wa juzi tu, wa watu wa mjini. Nikaanza kusoma, nikakuta una umri kuliko reli ya Mombasa.

Tuanzie Unguja, kwa sababu huko maandishi ya madeni yamebaki mengi. Katika karne ya 19 mwenye shamba la karafuu alihitaji pesa kabla ya mavuno, au mfanyabiashara alitaka mtaji wa msafara wa bara. Uislamu unakataza riba. Basi watu wakatumia bei ya khiyari: unamuuzia mwenye pesa shamba lako, lakini una haki ya kulikomboa ukirudisha pesa yake kabla ya siku fulani. Wakati huo wote unabaki shambani mwako, ila sasa unalipa kodi kama mpangaji. Hiyo kodi ndiyo iliyokaa mahali pa riba. Kwenye karatasi ni mauzo, mfukoni ni mkopo.

Sisemi khiyari ilikuwa wizi. Watu wengi waliitumia kwa hiari, walinunua muda na wakakomboa mali zao. Tatizo lilikuwa pale siku inapofika na pesa haipo. Karatasi haijui kwamba ulikopa. Karatasi inajua kwamba umeuza.

Kuna sura nyingine chungu zaidi, na hii iko karibu na nyumbani. Katika njaa kubwa ya miaka ya 1880, ile Wamijikenda wanayoiita Mwakisenge, familia za Pwani ziliweka watoto na jamaa zao rehani kwa watu wa mijini ili zipate nafaka. Makubaliano yalikuwa kwamba ukirudisha nafaka, unamchukua mtu wako. Lakini baadhi ya waliowekwa rehani waliishia kuuzwa kama watumwa. Hawakuwa wameuzwa na wazazi wao. Rehani ndiyo iliyogeuzwa mauzo. Kila nikifikiria ile karatasi ya Probox, nawafikiria wale watoto. Mambo hayalingani kwa uchungu, najua, ila mlango ni uleule.

Na sheria je, ilikuwa wapi?

Wakoloni waliliona tatizo la madeni, lakini dawa yao ilikuwa ya ajabu. Zanzibar, bei ya karafuu ilipoanguka na mashamba mengi yakawa mikononi mwa wadai, serikali ilisimamisha wadai kunyang'anya mashamba, na amri ya 1934 ikazuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamishwe hovyo kwa watu wengine. Kenya ilienda njia yake. Tangu 1903 kulikuwa na sheria ya kubana mkopo kwa "wenyeji", na ya 1948 ikaweka mpaka wa shilingi 200. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika zaidi ya hapo, mahakama haikumsaidia kudai, isipokuwa mkataba uwe wa maandishi na afisa wa serikali ameuidhinisha. Waliita ulinzi. Fikiria wewe ni mwenye duka kando ya Mto Tana enzi hizo, unataka bidhaa za shilingi 500 kwa mkopo. Unalindwa mpaka unabaki bila biashara.

Miaka ya 1930 ilikuja pia sheria ya wakopesha pesa, iliyofuata mfano wa ile ya Uingereza ya 1927. Kanuni zake zilikuwa za maana: mkopeshaji awe na leseni, mkopo uandikwe, mkopaji apewe nakala. Sheria hiyo Kenya iliifuta mwaka 1984. Kuanzia hapo mpaka 2021, mtu anayekopesha pesa zake mwenyewe bila kupokea amana za watu hakuwa na sheria maalumu ya kumpa leseni. Hesabu mwenyewe: miaka 37. Ni katika pengo hilo shailoki alizaliwa, akakua, akafungua ofisi juu ya duka la dawa.

Kisha zikaja programu za mikopo kwenye simu. Hizo mnazijua kuniliko, zile zilizokuwa zinapigia bosi wako na shangazi yako kwa sababu ya deni la 2,000. Desemba 2021 sheria ya Benki Kuu ikabadilishwa, na Machi 2022 zikatoka kanuni: mkopeshaji wa kidijitali lazima awe na leseni, na ni marufuku kumtisha mkopaji, kumtukana au kusumbua watu waliomo kwenye simu yake. Mwishoni mwa 2024 sheria ikapanuliwa kugusa wakopeshaji wengine wasiopokea amana. Ni hatua. Lakini angalia kinachofuata: ukimbana mtu kwenye mkopo, anarudi kuita mkopo jina lingine. Anaweza kuuita mauzo, au "nilimsaidia tu kama rafiki", au akakuandikisha cheki.

Hiyo cheki nataka tuiongelee vizuri, maana ndiyo iliyomnyima mjomba usingizi.

Kifungu 316A cha sheria ya jinai kinasema kutoa cheki huku unajua akaunti haina pesa ni kosa: faini isiyozidi 50,000, au jela isiyozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Lakini kifungu hichohicho kinasema kosa hilo la akaunti kukosa pesa haliihusu cheki iliyoandikwa tarehe ya mbele. Sababu ni rahisi. Cheki ya tarehe ya mbele ni ahadi, na aliyeipokea anajua leo pesa haipo. Ukiwa na nia ya kulaghai tangu mwanzo, hiyo ni kesi nyingine. Ila mjomba hakulaghai mtu. Alitishwa kwa jela iliyojengwa kwa maneno.

Na kuhusu kufungwa kwa deni la kawaida, mahakama zetu zimelizungumza. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alisema kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kulipa deni la mkataba kunagongana na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akaliweka sawa zaidi: jela ya madai haijafutwa, lakini mdaiwa lazima kwanza apewe nafasi ya kujieleza, na inamlenga anayeweza kulipa akakataa, si maskini.

Sasa kuna wataosema, "Si alikopa? Alipe!" Sawa, na alilipa. Mimi sitetei mtu kula pesa ya watu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na wanaokopesha pia wamelizwa sana. Hoja yangu ni hii: deni liitwe deni. Mkopeshaji mwaminifu hahitaji karatasi ya uongo. Aya ndefu kuliko zote katika Qurani inahusu kuandika deni mbele ya mashahidi. Hata ile sheria iliyofutwa 1984 ilitaka maandishi. Dini na serikali walikubaliana kwa hili, na sisi ndio tunasaini bila kusoma kwa sababu tuna haraka.

Kwa hivyo kabla hujasaini: soma kama karatasi inasema "kuuza" au "kukopa". Kama inasema kuuza, kataa, au andika palepale kwamba ni dhamana ya mkopo wa kiasi fulani. Chukua nakala yako. Usitoe cheki wala kitambulisho kiwe mateka. Na ukimaliza kulipa, usiondoke bila risiti na karatasi yako mkononi.

Mjomba hataki kwenda mahakamani. Anasema mahakama ni ya wenye pesa na mawakili. Nimemwambia Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, inasikiliza madai yasiyozidi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa iishe kwa siku 60. Nimemwambia pia hapa Garsen tuna mahakama, na kuuliza karani si kosa. Akanitazama tu, akasema, "Mwanangu, nishalipa. Niache nipumzike."

Namuelewa. Lakini Probox bado anaiendesha kila siku kupeleka mchele, na kuna mtu mjini ana karatasi inayosema gari si lake. Jumatatu naenda kuiomba ile karatasi. Nitaenda na binamu yangu na rekodi za malipo yote kwenye simu, na nitaomba kwa adabu. Akikataa, kwa karani nitaenda, hata kama ni kuuliza tu.