Lensi na Kamera Yake

Kuna watu wanaokusanya kamera za zamani, ao aparei za picha kama tusemavyo huku, jinsi wengine wanavyokusanya tembre za posta. Ukiwaona utadhani kazi yao ni kununua na kupanga kabatini tu. Sivyo. Shida yao kubwa ni kujua lensi hii ni ya kamera ipi.

Mjini Wetzlar, katika Ujerumani, fundi Oskar Barnack wa kiwanda cha Leitz alitengeneza kamera ndogo yenye kutumia filimu ya sinema. Iliitwa Leica, ikaanza kuuzwa mwaka 1925, na lensi yake ilikuwa imefungwa kabisa, haitoki. Mwaka 1930 wakatoa kamera ambayo lensi yake hufunguliwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, mtu aweke nyingine. Lakini kulikuwa na neno. Lensi huleta picha safi mahali pamoja tu nyuma yake. Filimu ikisogea hata sehemu ya kumi ya milimetri, uso wa mtu waweza kuonekana kama umefunikwa na moshi. Na kina cha kamera moja hakikuwa sawasawa na kina cha nyingine. Basi mafundi walichukua kila lensi, wakairekebisha mpaka ikubaliane na kamera moja, kisha wakaichora namba ya kamera ile, mara nyingi tarakimu tatu za mwisho. Mwenye kutaka lensi ya pili alipaswa kupeleka kamera yake kwa mafundi.

Mwaka 1931 waliweka kipimo kimoja: toka mdomo wa kamera mpaka filimu, milimetri 28.8 kwa zote. Alama ya sifuri ikachorwa kwenye mdomo wa kamera na kwenye lensi. Sifuri kwa sifuri, hazikatai. Kamera nyingi za zamani zilirudishwa kiwandani zipate sifuri yao. Zile zisizorudi ndizo wakusanyaji wanazitafuta sana, kama namba za lensi na kamera zingali zinafanana. Wachuuzi wengine huzitenganisha, sababu vitu viwili huleta fedha kuliko kimoja. Kwangu mimi hiyo ni hasara kubwa kuliko kioo kupasuka: lensi ile haina tena kamera yoyote duniani iliyotengenezewa.

Mwaka 1932 likaja jambo jingine. Ndani ya Leica mpya mliwekwa kipima-mbali: jicho huona sura mbili za kitu kimoja, na lensi ikizungushwa husukuma mkono mdogo wa chuma mpaka sura zile zinakuwa moja. Sasa lensi ilipaswa kukubaliana na filimu, tena na mkono ule.

Hapo wengi hudanganyika kwa macho. Kule Kharkiv, vijana yatima wa komuni ya kazi walitengeneza FED tangu mwaka 1934, kwa mfano wa Leica. Lensi yake yaingia katika Leica vizuri, lakini FED za kwanza hazikufuata kipimo cha 28.8, picha haitakuwa safi. Vilevile Nikon ya mwaka 1948 ya Wajapani ilichukua mdomo wa namna ya Contax ya Wajerumani. Lensi fupi zasikilizana. Zile ndefu, kama ya milimetri 135, hukosa shabaha kwa vitu vya karibu.

Leica M3 ya mwaka 1954 ilipata mdomo mpya wa milimetri 27.8. Hesabuni wenyewe: imepungua milimetri moja kamili, basi pete nyembamba ya unene huo yatosha kuvalisha lensi za zamani.

Mwenye mashaka na aweke gazeti kwa kulilaza upande, umbali wa metri moja, afungue lensi yote, alenge mstari mmoja wa katikati, apige. Filimu ikisafishwa, atazame ni mstari gani unaosomeka.