Nguvu za Kulimia Unyamwezi: Bega, Kuni na Jua

Msomaji wa habari za njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora mpaka Ujiji, aghalabu hukutana na pembe za ndovu, watumwa na wasafiri wa Kizungu. Ni mara chache aulizwapo kwamba misafara ile ilikula nini, na chakula chake kilipatikana kwa nguvu gani. Swali hilo si la kale tu. Tangu zama za wapagazi hata zama hizi za mitambo ya jua, kila kazi ya kilimo katika Unyamwezi yaweza kupimwa kwa mambo mawili: nguvu itumikayo ni ya nani, na je, yaweza kujirudia pasipo kuimaliza nchi?

Katika karne ya 19 nguvu hiyo ilikuwa mwili wa binadamu. Mbung'o waliwadhuru wanyama wa kuchukua mizigo, kwa hiyo shehena zilikwenda begani, kila mtu na mzigo wa kilo 30 hivi. Richard Burton na John Speke walipofika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta kituo kikubwa cha wafanyabiashara Waarabu. Halaiki ya watu waliopita hapo ilihitaji nafaka, na wenyeji waliiuza. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hawakupona wenyeji wote sawasawa. Wanaume wengi walikuwa safarini miezi mingi, na kazi ya mashamba ikawalemea wanawake na watumwa. Bega lilikuwa la mpagazi, mzigo wa mwingine. Jembe lilikuwa mkononi mwa mtumwa, mavuno ya bwana wake.

Hata hivyo kuna nguvu moja isiyonunuliwa. Kwa desturi ya Wanyamwezi, na ya jirani zao Wasukuma, wanawake hukata viazi vitamu na kuvianika juani vikawa michembe. Au huvipika kwanza, ndipo wakavikata na kuvianika, vikawa matobolwa. Hivyo chakula kiozacho upesi hugeuka kuwa akiba ya kiangazi na bidhaa nyepesi ya kupeleka sokoni. Jua ni la wote, nalo hurudi kila asubuhi.

Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga katika Tanganyika. Urambo, iliyokuwa nchi ya Mtemi Mirambo, ikawa moja ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Yaliletwa matrekta, hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa ili vifyeke pori. Mashine, vipuri na mafundi vilitoka ng'ambo. Mwenyeji alikuwamo kama kibarua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, umekwisha kugharimu paundi milioni 36 hivi. Nguvu ilikuwa kubwa, lakini haikuwa ya mkulima, na ilipokwama hakuwa na njia ya kuiendesha.

Baadaye tumbaku ilistawi Urambo, ikawapa wakulima wadogo fedha. Lakini majani yake hukaushwa kwa moto katika mabani, na moto hutaka kuni nyingi za miombo. Miombo huchipua tena, ila kwa mwendo wake, si kwa mwendo wa bani. Kwa kipimo cha kwanza tumbaku imefaulu kiasi, maana shoka na kuni ni vya mkulima. Kwa kipimo cha pili ina deni, na deni hilo litawaangukia watoto wake.

Sasa mitambo ya jua imeingia vijijini. Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005 ilianzisha wakala na mfuko wa kupeleka nishati mashambani, na bei ya paneli za jua duniani imeshuka sana tangu mwaka 2010. Paneli chache zaweza kuvuta maji ya kisima kunywesha bustani wakati wa kiangazi. Kaushio lililofunikwa huyakinga michembe na maembe, matunda ya miembe iliyopandwa zama za misafara, yasipatwe na vumbi na nzi. Kazi hizi zatosha kuwa biashara ya watu watano au kumi, wasiongoje mafuta kutoka pwani.

Lakini jua ni la bure, mtambo si wa bure. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 humpa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo mila bado humzuia mara nyingi, na asiye na shamba wala dhamana hukopeshwa kwa shida. Akianika viazi vyake katika kaushio la tajiri kwa ujira mdogo, atakuwa amerudia hali ya mpagazi, ingawa hana mzigo begani. Vikundi na vyama vya ushirika, vikinunua mtambo kwa pamoja na kumfundisha mmoja wao kuutengeneza, vyaweza kuliepusha jambo hilo. Hapo ndipo nguvu ya jua itakapofaulu vipimo vyote viwili. Vinginevyo itaangaza njia ileile ya zamani.