Safari ya ndege ya Westray–Papa Westray

Safari ya Westray–Papa Westray huunganisha viwanja viwili vidogo vya ndege katika visiwa vya Orkney, kaskazini mwa Uskoti. Umbali wake ni kilomita 2.7 hivi, na hakuna safari ya ndege ya ratiba iliyo fupi kuliko hiyo duniani. Njia ya kurukia ya uwanja wa Edinburgh peke yake inakaribia urefu huo. Kampuni ya Loganair ilianza kuihudumia mwaka 1967. Ratiba huipa dakika mbili. Hali ya hewa ikiruhusu, dakika moja na nusu hutosha. Rekodi ni sekunde 53, nayo iliwekwa na rubani Stuart Linklater.

Kwa kawaida muda wa safari hukadiriwa kwa kugawa umbali kwa kasi ya ndege. Hapa hesabu hiyo hudanganya. Ndege inayotumika, Britten-Norman Islander, ikishatulia angani huenda kama kilomita 250 kwa saa, na kwa mwendo huo ingefika kwa sekunde 39. Ila haipati wasaa wa kutulia: haijamaliza kupaa vizuri, tayari inajiandaa kutua. Kwa hiyo hata ile rekodi ni wastani wa kilomita 183 kwa saa, na dakika mbili za ratiba ni kilomita 81 tu, mwendo wa basi la mikoani. Kinachoamua zaidi ni upepo. Ndege hupaa na kutua ikiukabili, hivyo ukivuma kutoka upande usiofaa rubani hana budi kuzunguka kwanza ndipo ajipange na njia ya kutulia, na mzunguko mmoja unaweza kumaliza muda mrefu kuliko safari yenyewe.

Islander, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1965, inafaa kazi hii kwa sababu ina injini mbili, magurudumu yasiyokunjwa na uwezo wa kutumia njia fupi. Hubeba abiria wanane, mmoja wao akiketi kando ya rubani.

Kipande hiki ni sehemu ya mzunguko unaoanzia Kirkwall, mji mkuu wa Orkney, na halmashauri ya visiwa hivyo huchangia gharama. Papa Westray, ambayo wenyeji huiita Papay, ina wakazi wasiozidi mia moja. Boti ipo, lakini bahari ya huko haina adabu wakati wa baridi. Ndege husafirisha walimu, wahudumu wa afya na wanafunzi, pamoja na wageni wanaokwenda kuona Knap of Howar, nyumba ya mawe yenye umri wa miaka zaidi ya 5,000. Wengine hawaendi kuona chochote; wamepanda ili wapewe cheti cha kusafiri safari fupi kuliko zote.