Anza na Tugume

Mtajie mtu wa rika letu jina la Conjestina Achieng' uone atakavyokujibu. Mimi nimejaribu Embu nyumbani na Meru ninakofanya kazi, na jibu ni lilelile: "Yule bondia aliyeugua? Aki maskini." Basi. Hakuna anayeuliza alimpiga nani. Hadithi yake tumeanzia mwisho, na mimi naona tuirudie kutoka mwanzo.

Conje, kama Wakenya walivyozoea kumwita, ni binti wa Siaya. Alipigana uzani wa kati, na ngumi zake zilikuwa nzito kiasi kwamba akabandikwa jina la mikono ya mawe. Miaka ya mwanzo ya 2000 alimshinda Fiona Tugume wa Uganda, na tangu hapo anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kushika taji la kimataifa la ndondi. Soma hiyo sentensi tena. Si wa kwanza Siaya, si wa kwanza Kenya. Afrika.

Wakati huo Kenya ilikuwa inajua ndondi vizuri sana, ila za wanaume. Philip Waruinge alileta shaba kutoka Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich 1972. Stephen Muchoki akawa bingwa wa dunia wa ridhaa 1978. Robert Wangila akamaliza kazi Seoul 1988 kwa dhahabu. Kijana mwenye ngumi alikuwa na njia ya kufuata: klabu ya mtaani, timu ya taifa, Olimpiki. Akibahatika, njiani anaandikwa kazi jeshini, polisi au magereza, anapigania timu yao na mwisho wa mwezi kuna mshahara.

Sasa mweke Conje kwenye njia hiyo. Haimfikishi popote. Ndondi za wanaume zilianza Olimpiki mwaka 1904. Za wanawake zilingoja hadi London 2012, tena kwa uzani tatu tu. Michezo ya Jumuiya ya Madola iliwafungulia wanawake 2014. Hata Uingereza kwenyewe, Jane Couch alilazimika kushtaki bodi ya ndondi kwa ubaguzi ndipo akapewa leseni mwaka 1998. Kwa hivyo Conje alipokuwa na nguvu zake zote, Olimpiki haikuwa na nafasi yake. Alibaki na ndondi za kulipwa, ambako unakula pambano kwa pambano. Hakuna pambano, hakuna hela.

Milango ilipofunguka, wengine waliingia. Elizabeth Andiego akawa bondia wa kwanza mwanamke kutuwakilisha Olimpiki, London 2012. Oktoba 2016 Fatuma Zarika alivuka hadi Flint, Michigan, akamvua Alicia Ashley mkanda wa dunia wa WBC, kisha Desemba 2017 akautetea Nairobi mbele ya watu wake dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia. Christine Ongare akarudi na shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Sisemi Conje ndiye aliyewafunza kurusha ngumi. Nasema walipovaa glavu, nchi ilikuwa imeshamzoea mwanamke ulingoni, na aliyetuzoesha ni yeye.

Kisha akaugua akili. Hapo ndipo kamera zilirudi kwa wingi, na wanasiasa, na michango. Msaada ni mzuri, sikatai. Lakini bondia wa kulipwa hana likizo ya ugonjwa wala pensheni, na mchango wa wiki moja haujazi pengo hilo. Ile picha ya bingwa aliyeanguka tukaisambaza hadi ikafunika mapambano yote.

Madhara yake nimeyaona karibu. Nina mpwa wangu Nkubu, msichana wa miaka kumi na tano, amejaza mchanga kwenye gunia na kulitundika kwenye mparachichi nyuma ya nyumba. Jioni analipiga mpaka kuku wanakimbia. Mamake humwambia, "Endelea tu, utaishia kama Conje." Dadangu hana ubaya, anaogopa tu. Lakini angalia vile jina la bingwa limegeuka kuwa la kutishia watoto.

Sisi watu wa Embu tunaye Cierume, mwanamke shujaa wa enzi za kale. Wazee wakimtaja, wanaanza na vita vyake. Uzee wake na magonjwa yake si hadithi. Hiyo ndiyo heshima ninayomtakia Conje: ugonjwa usifichwe, maana unatudai majibu kuhusu jinsi tunavyowatunza wanamichezo wetu, lakini usikae pia kwenye ukurasa wa kwanza.

Kwa hivyo siku ukiulizwa Conjestina ni nani, tafadhali, anza na Tugume.