Kutoka Mshale hadi Skrini: Mabadiliko ya Ala za Injini katika Ndege Ndogo ya Cessna 172, 1956–2010

1.0 Utangulizi

Historia ya ndege ndogo imezoeleka kuandikwa kwa kufuata mabawa na injini zake. Ala zinazomweleza rubani hali ya injini hutajwa kwa nadra, na pale zinapotajwa huelezwa kana kwamba zilipanda ngazi moja iliyonyooka kutoka duni hadi bora. Insha hii inauchunguza mtazamo huo kwa kutumia mfano wa Cessna 172, ndege ya Marekani yenye injini moja na viti vinne, iliyoingia sokoni mwaka 1956. Zaidi ya ndege 44,000 za aina hiyo zimekwisha kuundwa, idadi ambayo haijafikiwa na aina nyingine yoyote ya ndege.

Hoja kuu ya insha ni kwamba badiliko la ala za kimakanika kuwa za kidijitali halikuwa hasa badiliko la usahihi. Lilikuwa badiliko la mahali unapohifadhiwa ujuzi kuhusu injini. Ujuzi uliokuwa machoni na masikioni mwa rubani ulihamia katika kumbukumbu ya mashine, na badala ya kila geji kujitegemea, zote zikaanza kutegemea chanzo kimoja cha umeme. Faida na hasara ya badiliko hilo haziwezi kupimwa kwa mizani moja.

2.0 Mantiki ya Ala za Kimakanika

Haja ya kuipima injini ni ya zamani kama urukaji wenyewe. Tarehe 17 Desemba 1903, ndege ya ndugu Wright ilibeba kihesabu mizunguko ya injini, kipima kasi ya upepo na saa ya kupimia muda. Vyombo hivyo vilisomwa baada ya kutua, si hewani. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya ala ya injini ilikuwa kutunza ushahidi; kazi ya kumwonya rubani akiwa safarini ilifuata baadaye.

Kufikia wakati wa Cessna 172, uhusiano huo ulikuwa umegeuka. Dashibodi ilijengwa ili isomwe papo hapo, na misingi yake miwili ilikuwa ya karne ya 19 na ya mwanzo wa karne ya 20. Msingi wa kwanza ulikuwa mrija uliopinda wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyepata hataza yake mwaka 1849. Presha inapoingia ndani ya mrija huo, mrija hujaribu kunyooka, na mwendo wake mdogo huusukuma mshale. Katika matoleo ya Cessna 172 ya miaka ya 1970, oili yenyewe ilisafiri kutoka kwenye injini kwa njia ya bomba jembamba, ikapita ukuta wa kuzuia moto na kufika nyuma ya geji iliyokuwa mbele ya rubani.

Msingi wa pili ulikuwa takometa. Waya mnene unaozunguka ndani ya ala yake uliunganisha injini na dashibodi. Mwisho wa waya huo sumaku ilizunguka ndani ya kikombe cha alumini bila kukigusa. Nguvu ya sumaku ilikivuta kikombe, springi ikakizuia, na mshale ukasimama pale nguvu hizo mbili zilipolingana. Katika ndege yenye pangaboi lisilobadilika pembe, kama zilivyo nyingi za aina hii, mizunguko kwa dakika ndiyo kipimo kikuu cha nguvu inayotolewa na injini. Takometa hiyohiyo ilibeba pia kihesabu cha saa, ambacho mafundi walikitumia kupanga matengenezo.

Sifa iliyounganisha ala hizo mbili ni kwamba hazikuhitaji umeme. Sifa hiyo iliafikiana na tabia ya injini yenyewe, kwa kuwa plagi za injini hizo huwashwa na magneto, ambazo huzalisha umeme wake zenyewe mradi injini inazunguka. Alteneta ikifa na betri ikaisha, injini huendelea kufanya kazi. Rubani wa ndege yenye ala za kimakanika aliweza kuendelea kuona mizunguko na presha ya oili hata taa zote zilipozimika. Aidha, geji moja ikiharibika, haikuambukiza nyingine.

3.0 Mapungufu Yaliyozoeleka

Uhuru huo ulikuwa na gharama. Sumaku ya takometa hupungua nguvu kadiri miaka inavyopita, na mshale huonyesha mizunguko michache kuliko ile halisi. Rubani anayefuata mshale huo huiendesha injini kwa kasi zaidi ya anavyodhani. Kihesabu cha saa nacho kilikuwa sahihi kwa kasi moja tu ya injini, ile ya safari ya kawaida. Ndege iliyotumia muda mrefu kukimbia ardhini au kushuka ilihesabiwa saa chache kuliko ilizofanya kazi.

Bomba la oili lilikuwa na hatari yake. Likipasuka, oili ya moto humwagika ndani ya chumba cha rubani. Wabunifu walilijua jambo hilo, na kanuni za Marekani zilitaka njia kama hiyo iwe na tundu dogo la kuzuia mtiririko pale inapoanzia. Kitabu cha mwongozo cha Cessna 172 kilieleza kwamba, kwa sababu ya tundu hilo, kuvuja kwa bomba la geji hakulazimu kutua papo hapo, ingawa ilishauriwa kutua katika uwanja wa karibu. Aidha, mwongozo ulimtaka rubani kulinganisha presha ya oili na joto lake kabla ya kuamua kama tatizo liko kwenye injini au kwenye geji. Maelezo hayo yanaonyesha kwamba mfumo wa kimakanika ulimtaka rubani awe mfasiri. Geji moja peke yake haikuwa na kauli ya mwisho.

Pungufu kubwa zaidi halikuwa la usahihi bali la upeo. Kuanzia mwaka 1968 Cessna 172 ilitumia injini ya Lycoming O-320 yenye silinda nne, baada ya miaka mingi ya injini ya Continental O-300 yenye silinda sita. Kabureta haigawi mchanganyiko wa petroli na hewa kwa usawa kamili, hivyo silinda moja inaweza kuwa na joto kali huku jirani yake ikiwa salama. Geji za kawaida ziliisoma injini kama kitu kimoja. Valvu iliyoanza kuungua katika silinda moja ilijificha ndani ya wastani wa injini nzima, hadi ilipojitambulisha kwa mtikisiko, kwa sauti, au kwa kuharibika kabisa.

4.0 Kuzigawa Silinda

Hatua ya kwanza ya kuuvunja ukimya huo haikuwa ya kidijitali. Katika miaka ya 1960 mhandisi Al Hundere wa kampuni ya Alcor alieneza matumizi ya kipima joto la ekzosi katika ndege ndogo. Chombo hicho hutumia nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa, ambazo huzalisha umeme kidogo zikipashwa joto, kanuni iliyojulikana tangu kazi ya Thomas Seebeck mwaka 1821. Rubani anapopunguza petroli kwenye mchanganyiko, joto la ekzosi hupanda hadi kilele, kisha hushuka. Akikijua kilele, anaweza kuchagua mchanganyiko unaofaa badala ya kukisia kwa kusikiliza muungurumo.

Hapa ndipo maana ya kipimo ilipoanza kubadilika. Kilichotafutwa hakikuwa namba kamili bali umbali kutoka kwenye kilele, yaani mwenendo. Mwenendo hauonekani vizuri kwa mshale mmoja unaotazamwa mara mojamoja. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Insight ilileta chombo cha kielektroniki kilichoonyesha joto la kila silinda kwa nguzo za mwanga zilizosimama sambamba. Nguzo moja ikipanda peke yake, rubani aliweza kushuku plagi moja kati ya mbili za silinda hiyo, kwa kuwa mwako unaowashwa na plagi moja huwa wa polepole na hutoa ekzosi yenye joto zaidi. Vyombo vilivyofuata viliongeza kumbukumbu. Joto la kila silinda, presha na mizunguko viliandikwa kila baada ya sekunde chache, na fundi aliweza kuisoma safari nzima baada ya ndege kutua.

Kwa fundi, hilo lilikuwa badiliko la hadhi ya ushahidi. Zamani alitegemea simulizi ya rubani, nayo ilitegemea kile ambacho rubani alibahatika kukitazama. Sasa aliweza kuuliza silinda ipi, dakika ya ngapi, na baada ya badiliko gani la nguvu.

5.0 Sheria, Soko na Uzee wa Ndege

Ubora wa chombo haukutosha kukiingiza katika dashibodi. Kanuni za Marekani hutaja ala ambazo ndege ya injini ya pistoni haiwezi kuruka bila kuwa nazo, zikiwamo takometa, geji ya presha ya oili, geji ya joto la oili kwa injini inayopozwa na hewa, na geji ya petroli kwa kila tangi. Chombo cha kidijitali kilichoidhinishwa kama nyongeza tu hakikuruhusiwa kuchukua nafasi ya hizo. Matokeo yake ni kwamba kwa miaka mingi mmiliki alilipia chombo kipya na bado akalazimika kuitunza geji ya zamani iliyo kando yake. Zilipotofautiana, geji ya zamani ndiyo iliyokuwa na nguvu ya kisheria, hata pale fundi alipoiamini ile mpya zaidi.

Hali hiyo ilizidishwa na historia ya kiwanda. Mwaka 1986 Cessna ilisimamisha uundaji wa ndege ndogo za pistoni, ikilalamikia gharama za kesi za fidia. Sheria ya mwaka 1994 iliweka ukomo wa miaka 18 kwa kesi nyingi za aina hiyo dhidi ya watengenezaji, na uundaji wa Cessna 172 ulirejea mwaka 1996. Katika muongo huo wa ukimya, elektroniki ilipiga hatua kubwa ilhali ndege zilizokuwapo zilizidi kuzeeka. Kwa hiyo mageuzi hayakuanzia kiwandani. Yalianza ndege moja baada ya nyingine, kwa fedha za wamiliki na kwa vyeti vya ziada vilivyoruhusu kubadilisha sehemu ya ndege ambayo ilikwisha kuidhinishwa. Ni katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 ambapo vyombo vya kidijitali vilivyoidhinishwa kuwa ala za msingi vilianza kuenea, na mmiliki akaweza kuliondoa bomba la oili kutoka chumba cha rubani na kuacha waya tu upite kwenye ukuta wa kuzuia moto.

6.0 Skrini na Utegemezi Mpya

Kuanzia mwaka 2005 Cessna 172 mpya zilipatikana zikiwa na mfumo wa Garmin G1000, ambamo ala za injini ni sehemu ya skrini kubwa inayoonyesha pia ramani na mawasiliano. Hapo geji iliacha kuwa kitu, ikawa picha. Watengenezaji waliitambua hasara iliyofichika katika hatua hiyo, kwani ndege ilipewa betri ya akiba. Injini inayojiwashia umeme wake kwa magneto inaweza kuendelea kuzunguka bila kusomeka, jambo ambalo takometa ya waya haikulijua.

Mwaka 2010 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri ya Marekani ilichapisha uchunguzi kuhusu ndege ndogo za injini moja zilizoundwa kati ya 2002 na 2006. Ndege zenye skrini zilikuwa na kiwango kidogo cha ajali kwa jumla, lakini kiwango kikubwa zaidi cha ajali zenye vifo. Uchunguzi ulihusu skrini za urukaji kwa ujumla, si ala za injini pekee, na ulibainisha kwamba ndege za makundi hayo mawili zilitumika kwa safari zisizofanana. Kwa hiyo hautoshi kuilaumu skrini. Hata hivyo, unatosha kukataa dai kwamba usalama uliletwa na teknolojia peke yake. Bodi ilisisitiza mafunzo yanayolingana na mfumo husika. Bodi hiyohiyo ilikiri kwamba kumbukumbu zilizohifadhiwa na baadhi ya mifumo hiyo ziliwasaidia sana wachunguzi wa ajali.

Suala hili linagusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Cessna 172 hutumika katika mafunzo ya urubani katika Uwanja wa Wilson, Nairobi, ulio takriban meta 1,690 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi, na rubani hulazimika kupunguza petroli kwenye mchanganyiko hata kabla ya kuruka. Kwa takometa pekee, hutafuta mizunguko ya juu kabisa. Kwa kipima joto la kila silinda, huona pia gharama ya uamuzi wake. Aidha, kwa kuwa Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 unaipa nchi iliyosajili ndege wajibu wa kutoa cheti cha ubora wa kuruka, badiliko lililoidhinishwa Marekani bado huhitaji kukubaliwa na mamlaka ya nchi husika.

7.0 Hitimisho

Mfano wa Cessna 172 unaonyesha kwamba ala za kimakanika hazikuondolewa kwa sababu zilishindwa kazi yake. Zilitimiza vema kazi ya kumwambia rubani hali ya injini kwa wakati ule, bila kutegemea kitu kingine. Kilichokosekana ni uwezo wa kutofautisha silinda na kukumbuka yaliyopita, na ni uwezo huo uliozipa ala za kidijitali thamani. Pamoja nao ulikuja utegemezi wa umeme, na hatari kwamba rubani ataacha kulinganisha dalili kwa sababu skrini imekwisha kumlinganishia. Mtafiti anayepima maendeleo ya ndege ndogo hana budi kuuliza maswali mawili kwa kila ala: inakumbuka nini, na itabaki ikisema nini umeme ukikatika. Kwa ndege inayofanyiwa badiliko leo, jibu la swali la pili linapaswa kuwa tayari kabla geji ya mwisho ya zamani haijafunguliwa.