Nakala Ipi Ndiyo ya Mwisho? Funzo Kutoka Historia ya Kamusi

Tuseme mwalimu wa Kasese anasanifu kurasa za kijitabu cha mazoezi, na mhariri wake yuko Bwera. Bwera iko jirani na Mpondwe, mpakani na Kongo, na Kiswahili cha ng'ambo husikika sokoni. Mhariri anasahihisha "batu" kuwa "watu" katika nakala yake, kumbe msanifu amekwisha kupanga safu na picha kwa kutumia nakala ya awali. Kosa lililofutwa linarudi kitabuni. Tatizo hili halikuanza na kompyuta. Historia ya Kiswahili Sanifu ni, kwa sehemu kubwa, historia ya kutafuta nakala moja ya kuaminika.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza. Iliunganisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Pamoja na kusawazisha tahajia, Kamati ilipitia miswada ya vitabu vya shule, na vilivyokubaliwa vilitolewa kwa kibali chake. Kwa lugha ya leo, Kamati ndiyo iliyotunza nakala kuu.

Hata hivyo, mtunza nakala ana mamlaka. Wajumbe wa mwanzo wa Kamati walikuwa Wazungu; wenyewe wa lugha hawakuwa mezani. Hivyo basi, swali la nani ana ruhusa ya kubadili maandishi si la kiufundi tu.

Mfano bora wa kazi ya Kamati ni kamusi iliyotoka mwaka 1939. Johnson alifariki kabla haijachapishwa, wengine wakaikamilisha. Haikuanzia patupu: ilijengwa juu ya kamusi ya A. C. Madan, ambayo sehemu yake ya Kiswahili kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1903. Jambo la kuzingatia ni kwamba ukurasa wa jina uliyataja yote mawili, yaani msingi wa Madan na usimamizi wa marehemu Johnson. Msomaji aliweza kujua kazi imepitia mikono ya nani.

Mwaka 1952 makao ya Kamati yalihamia Makerere, hapa Uganda. Mwaka 1964 kazi yake ilirithiwa na chuo cha uchunguzi mjini Dar es Salaam, kilichokuja kujulikana kama TUKI. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, kisha toleo la pili 2004 na la tatu 2013. Mwanafunzi anayeandika "kamusi inasema" bila kutaja toleo amefanya kosa lile lile la faili lisilo na tarehe.

Kwetu Uganda jambo hili lina uzito. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulianza mwaka 2020, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Walimu wengi hujiandalia vifaa wenyewe, na kosa moja likishanakiliwa hufundishwa darasa baada ya darasa.

Tujifunze basi kutoka kwa waliotutangulia. Kwanza, uhariri wa maneno ukamilike kabla ya kurasa kusanifiwa. Pili, faili la kurasa lifunguliwe na msanifu peke yake. Mhariri aandike masahihisho kwenye prufu iliyochapwa. Tatu, kila nakala iwe na tarehe, namba na herufi za jina la aliyeigusa, badala ya kuitwa "mpya" au "ya mwisho", maana ya mwisho huwa nyingi. Nne, nakala za zamani zisifutwe. Na kabla ya kubadili neno la mwandishi, aulizwe. Hilo Kamati ya mwaka 1930 haikulifanya vya kutosha. Sisi tuna nafasi ya kulifanya.